Sensa Inasingiziwa

Eskaveta ikilala, iwe kwenye machimbo ya Buhemba au kwenye kifusi cha barabara huku Bukima, maneno huwa yaleyale. Mafundi huyasema kwa uhakika, matajiri huyalipia, na ushahidi hauulizwi. Wewe msomaji umeyasikia. Leo kaa kwenye kiti cha hakimu.

Dai la kwanza ndilo linalokula hela nyingi: skrini ikionyesha namba ya hitilafu ya sensa fulani, sensa hiyo imekufa, agiza nyingine Mwanza. Dai hili lina mantiki yake. Kompyuta imeitaja sensa, ubishi wa nini tena? Shida ni kwamba kompyuta haijaiona sensa. Inachokiona ni volti zinazofika kwenye pini yake, basi. Chukua sensa ya shinikizo la oili ya injini yenye waya tatu: mmoja unaleta volti 5, mmoja ni wa kurudi, wa tatu unapeleka ishara, ambayo kwa kawaida hucheza kati ya volti 0.5 na 4.5. Waya wa ishara ukikatika, ukigusa bodi, au volti 5 zisipofika, kompyuta itaitaja sensa hiyohiyo japo ni nzima. Panya akitafuna waya, anayeshtakiwa ni sensa.

Tena kompyuta husema zaidi ya kile fundi anachojali kusoma. Injini nyingi hufuata utaratibu wa SAE J1939, ambapo hitilafu huja na namba mbili: ya kwanza inataja kinachopimwa, ya pili inataja aina ya kosa. 100 ni shinikizo la oili. Ikifuatwa na 3, volti zimezidi. Ikifuatwa na 4, zimepungua. Ikifuatwa na 1, umeme hauna kesi: shinikizo lenyewe limeshuka mno. Fundi anayebadilisha sensa kwa 100 na 1 amemfukuza shahidi aliyesema kweli, na beringi za injini zinaendelea kulika.

Na namba zikija nne kwa mpigo? Fundi yuleyule anaagiza sensa nne. Sensa kadhaa huweza kulishwa na volti 5 za chanzo kimoja, hivyo moja ikipiga shoti inazivuta zote. Weka mita kwenye chanzo hicho, kisha chomoa plagi za sensa moja baada ya nyingine. Ile ambayo ukiichomoa volti 5 zinarudi, mkosaji ni hiyo. Zisiporudi hata baada ya kuzichomoa zote, tafuta kwenye waya na kwenye kompyuta, usiguse pochi.

Dai la pili linatoka kwenye midomo ileile: sensa ni mbwembwe, eskaveta za zamani zilichimba bila hizo, kwa hiyo iruke au ifungie rizista ili kompyuta itulie. Hapa hakimu aweke kalamu chini kidogo. Asubuhi neno la sensa halikuwa na rufaa, likamtoa tajiri hela. Jioni sensa ni pambo. Mtu hawezi kusimama na madai yote mawili. Ni kweli mitambo ya zamani ilikuwa na sensa chache, lakini ilikuwa na geji za mshale na opareta aliyezikodolea macho, na pampu yake ya dizeli haikungoja amri ya kompyuta. Ya leo inangoja. Ukifunga rizista mahali pa sensa ya joto la maji, kompyuta itaamini maji yako sawa siku zote. Mkanda wa feni ukikatika hakuna kengele, hakuna kupunguzwa nguvu, na geji ya kwenye kebini, ambayo mara nyingi hutegemea sensa hiyohiyo, itabaki imetulia hadi silinda hedi ipinde. Bei ya silinda hedi anaijua tajiri.

Dai la tatu ni la wenye mita, kwa hiyo linastahili heshima zaidi: nimepima waya, mita imelia, waya ni mzima. Imelia, sawa. Lakini baadhi ya mita hulia hata penye ukinzani wa ohm 40. Tupige hesabu. Plagi imeingia maji, pini ya waya wa kurudi imeota kutu ya kijani yenye ohm 40, na sensa ya pampu ya haidroliki inayopima hadi bar 500 inavuta miliampia 10. Hapo volti 0.4 zinabaki njiani. Zima injini, toa shinikizo lote, washa swichi: skrini ambayo ingepaswa kusoma sifuri itasoma karibu bar 45. Kompyuta itaitawala pampu kwa uongo huo, opareta atalalamika kwamba mtambo hauna nguvu, na fundi ataapa kuwa waya ni mzima kwa sababu ulilia. Mara nyingine hupima mtambo ukiwa umesimama, kumbe waya unaopita mkononi umekatika nyuzi pale kwenye kiungo, ambako unaachana mkono ukinyanyuka tu. Pima volti huku umeme unapita, na uutikise waya.

Kuna wanaotetea taa ya majaribio. Kwenye fyuzi na kwenye waya mkubwa wa volti 24 inafaa sana, kwa sababu inavuta mkondo. Kwenye volti 5 za sensa, balbu ya volti 24 itafifia au isiwake kabisa, na inaweza kuvuta mkondo ambao kompyuta haikuandaliwa kuutoa. Nao wanaochomoa betri ili kufuta kosa wanaweza kufuta kumbukumbu ya lini na mara ngapi lilitokea, na kosa lililo hai litarudi swichi ikiwashwa.

La mwisho ndilo kimbilio: bila laptopu ya kampuni, huku mkoani Mara hakuna kipimo. Laptopu inasaidia, nani anabisha? Lakini mitambo mingi ya siku hizi huonyesha namba na vipimo kwenye skrini ya kebini. Sensa ya joto yenye waya mbili haihitaji hata hiyo laptopu: chomoa plagi, skrini isome baridi kali, unganisha pini mbili za upande wa waya kwa kipande cha waya, isome joto kali. Ikifanya hivyo, waya na kompyuta ni vizima, na sasa sensa inashukiwa kwa haki. Anayedai hana vifaa ana kipande cha waya mfukoni.

Tajiri, kabla hujatuma hela ya spea, mwambie fundi akuandikie volti tatu alizozikuta kwenye plagi: za kuleta, za ishara, za waya wa kurudi. Asipokuwa nazo, usilipe.