Mistari miwili kwa mtoto mchanga: mama asiache dawa kwa hofu

Chukua mfano wa mama anayeishi nje kidogo ya mji wa Manyoni, mkoani Singida, ambaye hulima alizeti na kufuga kuku. Anaishi na VVU, amekuwa akimeza dawa tangu ujauzito, na mtoto wake wa miezi minne ananyonya vizuri. Kliniki ya wiki sita ilimpita kwa sababu alizeti zilikuwa shambani zinasubiri kuvunwa. Siku mtoto anapopata homa, mtu anampima kwa kipimo cha haraka, na mistari miwili inatokea.

Mama anarudi nyumbani akilia. Anaona vidonge vyote alivyomeza vilikuwa kazi bure. Wifi yake anamshauri aachane navyo.

Hapo ndipo hatari ya kweli inapoanzia, kwa sababu ile mistari miwili haijasema kwamba mtoto ana VVU. Kuelewa sababu yake kunahitaji kujua virusi hivi vinavyoingia mwilini, na nani hulinda mlango.

Mlango wenye makomeo mawili

VVU haviwezi kuzaliana vikiwa peke yake. Ni lazima viingie ndani ya seli hai, hasa seli nyeupe za kinga ambazo wagonjwa wengi huzijua kwa jina la CD4. Jina hilo limetokana na kipokezi kilicho juu ya ngozi ya seli hizo. Hilo ndilo komeo la kwanza.

Kirusi kina vijinundu kwenye koti lake la nje. Kijinundu kikishika CD4, hubadili umbo na kutafuta komeo la pili, ambalo mara nyingi ni CCR5. Makomeo yote mawili yakishashikwa, sehemu nyingine ya kirusi hujichomeka kwenye ngozi ya seli kama ndoana, huvuta pande mbili zikutane, na mzigo wa kirusi humwagwa ndani.

Wanasayansi wamejaribu kuziba kila hatua ya safari hiyo. Mwaka 2003 Marekani iliidhinisha enfuvirtide, dawa inayozuia ile ndoana isivute. Kasoro yake ni kwamba hudungwa sindano mara mbili kila siku. Mwaka 2007 ikafuata maraviroc, kidonge kinachofunika CCR5. Nacho kina mpaka wake: baadhi ya virusi hutumia komeo jingine, CXCR4, hivyo ni lazima mgonjwa apimwe kwanza ijulikane virusi vyake hupitia wapi.

Kidonge cha kliniki hufanya kazi ndani

Kidonge kimoja cha kila siku ambacho watu wengi hupewa katika kliniki za huduma na tiba nchini, yaani TLD, hakikai mlangoni. Humsubiri mwizi ndani. Dawa mbili kati ya tatu zilizomo, tenofovir na lamivudine, huzuia kirusi kunakili vinasaba vyake. Ya tatu, dolutegravir, huzuia nakala hiyo isipandikizwe kwenye vinasaba vya seli.

Mwizi aliyeingia hawezi kuzaa wengine. Dawa zikimezwa kila siku, virusi kwenye damu hupungua hadi kipimo kisivione, na vinavyobaki kumfikia mtoto tumboni, wakati wa kujifungua au kwenye maziwa huwa vichache mno. Bila huduma yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 wanaozaliwa na mama wenye VVU huambukizwa. Huduma zikifuatwa vizuri, idadi hiyo hushuka chini ya 5.

Dawa ya maji ya nevirapine anayopewa mtoto tangu kuzaliwa nayo hufanya kazi ndani ya seli: kirusi kikipenya, kisipate nafasi ya kujinakili.

Walinzi waliotoka kwa mama

Mwili nao hutengeneza walinzi wake, yaani kingamwili. Hizi hung'ang'ania vijinundu vya kirusi ili visishike komeo. Tatizo ni kwamba VVU hubadilisha koti lao haraka kuliko mwili unavyoweza kutengeneza walinzi wapya. Ndiyo maana mtu huwa na kingamwili tele na bado virusi vikaendelea kuishi naye.

Watu wachache hutengeneza kingamwili zinazotambua aina nyingi za koti. Mojawapo, iitwayo VRC01, ilijaribiwa kuanzia mwaka 2016 kwa wanawake wapatao 1,900 katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo kupitia kituo cha utafiti cha Mbeya. Walidungwa kwa dripu kila baada ya wiki nane. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kwa ujumla haikupunguza maambukizi kwa kiwango cha kuridhisha. Lakini kwa aina za virusi zilizokuwa dhaifu mbele yake, kinga ilifikia takribani asilimia 75. Somo lililopatikana ni kwamba mlinzi mmoja hatoshi, na sasa watafiti wanajaribu kuchanganya kingamwili kadhaa.

Sasa turudi kwa mama wa Manyoni. Wakati wa ujauzito, kingamwili zake hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto, na zinaweza kubaki hadi miezi 18. Kipimo cha haraka hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili. Mistari miwili kwa mtoto wa miezi minne inaweza kuwa inawaonyesha tu walinzi wa mama yake.

Mama afanye nini?

Mtoto huyo anahitaji kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Muhudumu huchukua matone ya damu, mara nyingi kisiginoni, huyakausha kwenye kadi maalumu na kuyapeleka maabara. Kipimo hiki hufanyika anapofikisha wiki sita, na aliyechelewa apelekwe mara moja, bila kuogopa kugombezwa. Hupimwa tena kadiri anavyoendelea kunyonya, na jibu la mwisho hutolewa akishatimiza miezi 18 na kuacha kunyonya.

Kusubiri nyumbani ni hatari. Mtoto aliyeambukizwa huweza kudhoofika haraka, na akianza dawa mapema hukua kama wenzake. Wakati majibu yanasubiriwa, mama aendelee kumeza dawa na kunyonyesha kama alivyoelekezwa, na mtoto apewe dawa yake kama muhudumu alivyopanga. Mama akiacha dawa, virusi huongezeka, na vikaongezeka pia kwenye maziwa.

Baba naye ana sehemu yake. Mama asiye na VVU anaweza kuambukizwa akiwa ananyonyesha, na katika wiki hizo za mwanzo virusi huwa vingi sana mwilini. Wenza wapime pamoja, na warudie kupima kama kliniki inavyoelekeza. Pale ambapo mmoja ana VVU, waulize kuhusu PrEP, dawa za kinga kwa mwenza asiye navyo.

Na wifi mwenye ushauri asifukuzwe. Aambatane na mama kliniki, akasikie mwenyewe maana ya mistari ile miwili.