Kamati za maafa vijijini zipewe mafunzo





Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, chini ya Mlima Meru. Wakati wa masika, wingu zito likitanda mlimani mchana, hunibidi niamue: watoto waende nyumbani kabla korongo halijajaa, au wabaki shuleni hata jioni? Chuoni nilifunzwa kuandaa somo, hili sikufunzwa. Nabahatisha, na maisha ninayobahatisha ni ya watoto wa wenzangu.

Hofu yangu si ya bure. Tarehe 3 Desemba, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliteremka hadi Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Tarehe 12 Aprili, 2024, hapa jijini Arusha, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na mafuriko, na watoto wakafa.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutoa tahadhari. Lakini tangazo la mvua kubwa haliwezi kutaja korongo gani lisivukwe, wala nani apige kengele. Hiyo ni kazi ya kamati ya kijiji, na kamati isiyofunzwa ni orodha ya majina tu.

Wenzetu wa Bangladesh walipoteza watu wasiopungua 300,000 katika kimbunga cha mwaka 1970. Tangu 1972 wamefunza wanavijiji wa kujitolea kupeleka habari nyumba kwa nyumba na kuwahamisha watu, na wamejenga majengo ya kujikinga. Kimbunga kikali cha 2007 kiliua watu zaidi ya 3,000. Ni msiba, lakini tofauti inaonekana.

Nashauri halmashauri zetu zifunze kamati za vijiji, walimu na madereva wa magari ya shule kila mwaka kabla ya masika. Mafunzo yafanyike kwa vitendo, penye korongo lenyewe, siyo semina mjini. Vyuo vya ualimu navyo vifundishe jambo hili.

Unga na mablanketi baada ya maafa tunashukuru, lakini havimrudishi mtoto darasani.

Mwalimu wa Kijijini,
Arumeru, Arusha.