Hisa za Dhahabu Isiyochimbwa

Msomaji, yamkini umewasikia wakubwa wako wakizungumza, Karatina siku ya soko au katika mkahawa mmoja wa Nyeri, juu ya hisa za kampuni fulani ya ng'ambo itafutayo dhahabu. Mmoja husema bei ingali ndogo. Mwingine husema heri kununua leo kwa simu kabla matajiri hawajaamka. Katika mazungumzo hayo hutajwa bonasi ya majani chai, ile iliyokusudiwa karo yako. Mimi napinga jambo hilo, nami nataka ujue kwa nini.

Mkulima wa Mathira hanunui ng'ombe pasipo kumtazama kiwele na kuuliza atoa maziwa kiasi gani. Akiwa na hisa katika kiwanda cha chai cha Ragati, kiwanda anakiona, majani yake huenda huko, na mkutanoni aweza kusimama akauliza. Lakini mtu huyo huyo hununua sehemu ya mlima asiopata kuuona, ati kwa kuwa umetajwa dhahabu!

Kampuni itafutayo dhahabu siyo kampuni ichimbayo dhahabu. Haina cha kuuza ila hisa zake. Mishahara ya wakubwa wake na gharama ya kutoboa miamba hutoka katika fedha za wanunuzi. Zikiisha, hutoa hisa mpya. Na kama hisa zote zilikuwa milioni 100, zikawa milioni 200, fungu lako limepungua kwa nusu, ingawa wewe hukuuza hata moja.

Tena dhahabu ikionekana, kazi haijaisha. Tani moja ya mwamba yenye gramu 2 yaweza kuleta faida mahali palipo na barabara na umeme, na kwingine ikaleta hasara tupu.

Hapa kwetu dhahabu ilionekana Kakamega mwaka 1931. Walowezi waliokwisha kuangushwa na bei mbaya za mazao na nzige walikimbilia huko kwa mamia. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliigeuza hata sheria yake ya mwaka 1930 ya kulinda ardhi za Waafrika, ili machimbo yapate nafasi. Dhahabu ilikuwako kweli, na mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hadi mwaka 1952; lakini wengi wa wale wadogo waliondoka mikono mitupu.

Kwingine haikuwako kabisa. Kampuni ya Bre-X ya Kanada ilitangaza dhahabu nyingi ajabu huko Busang, Indonesia, na hisa yake ikapita dola 200 za Kanada. Mwaka 1997 wapimaji wengine walipotoboa wenyewe, hawakukuta kitu cha maana: unga wa mawe ulikuwa umetiwa chembe za dhahabu ya mahali pengine. Hisa zikawa bure, na akiba za wafanyakazi na wastaafu zikapotea nazo.

Wapo watakaojibu kwamba asiyethubutu hapati. Sawa, lakini anayethubutu hapa ni nani? Mkurugenzi hupokea mshahara wake, dhahabu ipatikane au isipatikane. Basi waulize wakubwa wako, kwa adabu, ni nani aliyepima mwamba ule na nani aliyemlipa. Wakikujibu kwamba habari wameipata kwa rafiki aliyenunua mwezi uliopita, fahamu kwamba rafiki huyo naye anahitaji mtu wa kumwuzia.