Akiba ya Uzee Huwekwa Ujanani



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita, baada ya darsa ya jioni, kijana mmoja katika wanafunzi wangu wa zamani alinisubiri mlangoni mwa madrasa. Leo ni mtu mzima. Ana kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, na mkewe amejifungua mtoto wao wa kwanza. Baada ya kuniamkia akasema: "Maalim, kila mwezi nakatwa sehemu ya mshahara kwa ajili ya uzee wangu. Baba asema huo ni upungufu wa imani, kwani riziki ya kesho i mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Mimi nashika lipi?"

Sikumjibu upesi. Swali lile lilinichoma mimi mwenyewe. Nimetimiza miaka 54, nimesomesha tangu ujana wangu, wala sina kiinua mgongo kinachoningoja. Tena nilikuwa namkumbuka mwalimu wangu aliyenifundisha alifu na be. Mzee yule alisomesha zaidi ya miaka arubaini, na mji mzima ulimbusu mkono. Macho yalipoingia ukungu na magoti yakakataa kukunjika, ada za wanafunzi zikakoma. Tukawa twamchangia kila Ijumaa. Siku moja nilimpelekea mchango huo, akaupokea, kisha akageuza uso ukutani. Hakulia, alisema tu kwamba mkono uliozoea kutoa huona uzito kupokea. Maneno hayo sijayasahau.

Basi na tuanze na swali la baba yake yule kijana. Kumtegemea Mwenyezi Mungu ni nguzo ya imani, wala hapana Mwislamu anayebisha. Lakini Mtume wetu (s.a.w.), ambaye hapana aliyemshinda kwa tawakuli, alimwagiza mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo ategemee. Tena imepokewa kwamba aliwawekea watu wa nyumbani mwake chakula cha mwaka. Na katika Sura ya Yusuf twasoma habari ya miaka saba ya neema na miaka saba ya dhiki. Nabii Yusuf (a.s.) hakuwaambia watu wa Misri wale washibe na kesho itajijua. Aliwafundisha walime, wale kidogo, na kilichobaki wakiache katika masuke yake ili kisiharibike. Ujana, ndugu zangu, ndiyo miaka yetu saba ya neema.

Wako wasemao, "Akiba yangu ni wanangu." Ni kweli kwamba haki ya wazazi ni kubwa, na mtoto anayemtupa mzazi wake amekhasirika. Lakini tazama hali ilivyo. Mwana huyo ana kodi ya nyumba, ana karo, ana watoto wake. Ukimtwika na uzee wako wote, huenda akaubeba kwa moyo mweupe, lakini mgongo wake utapinda, naye hatapata wasaa wa kuweka cha uzee wake. Hivyo ufukara hurithishwa kama wengine warithishavyo shamba. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua na kutaka kutoa mali yake nyingi sadaka, Mtume (s.a.w.) alimzuilia katika theluthi, akamwonyesha kwamba kuwaacha warithi na cha kuwatosha ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu.

Sasa tuyapange mambo kwa umri.

Mtoto afundishwe kibubu. Akipewa sarafu ya Idi, nyingine ale, nyingine atie kibubuni, na kidogo atoe sadaka. Fedha ni chache, lakini tabia ndiyo mali yenyewe.

Kijana wa miaka ishirini na kitu ndiye mwenye utajiri asioujua, nao ni wakati. Tazama hesabu hii. Mtu awekaye shilingi 1,000 kila siku huwa na 365,000 kwa mwaka. Akianza na miaka 30 mpaka 60, atakuwa ameweka shilingi 10,950,000, mbali na faida ya halali. Akianza na miaka 50, hatavuka 3,650,000. Shilingi ni ile ile. Kilichopungua ni miaka. Kijana wa leo hanywi soda moja ila anunue na vocha, kisha husema hana cha kuweka. Haba na haba hujaza kibaba, na chovya chovya humaliza buyu la asali. Methali hizi mbili ni kisima kimoja, mmoja atia, mwingine ateka.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kwa minazi. Mnazi wa kienyeji hukaa kama miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miaka mingi hata aliyeupanda akawa mzee. Aliyepanda minazi yake akiwa kijana, alipokosa nguvu za kushika jembe aliangusha nazi akauza, akala chake. Ile ilikuwa pensheni kabla neno lenyewe halijafika kwetu.

Mwenye familia, wa miaka thelathini hata arubaini na mitano, ndiye mwenye mtihani mkubwa. Arusi, karo, ugonjwa, misiba, vyote vyamwita. Huyu asingoje kibaki kitu mwisho wa mwezi, kwani hakibaki. Akipokea, atenge kwanza, japo kidogo, ndipo apange matumizi. Na aanze kujenga angali na nguvu. Mzee mwenye chumba chake hata akila mara moja kwa siku hana wa kumwambia "toka". Na sherehe zipunguzwe. Nimeona arusi ya siku mbili ikila akiba ya miaka kumi, na deni lake likaishi kuliko henna ya bibi arusi.

Aliyefika arubaini na mitano asikate tamaa, ila ajue mlango unasogea. Kwa Tanzania Bara, mfuko wa NSSF huwapokea walioajiriwa na pia wanaojiajiri: wavuvi, mafundi, mama lishe, hata sisi walimu wa vyuo vya Kurani. Pensheni ya uzee huhitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na kwa hiari 55. Fanya hesabu, msomaji: anayeanza na 45 bila kuruka mwezi ndiye anayetimiza 60 kwa sawasawa. Na uliyeajiriwa, usiishie kuona makato katika karatasi ya mshahara. Nenda ukaulize kama mwajiri wako ameyafikisha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Huko Zanzibar kuna mfuko wa ZSSF tangu 1998, na mwaka 2016 serikali ilianza kuwapa posho wazee wote waliotimiza miaka 70, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni jambo la kushukuriwa, lakini mwenye busara haiti hiyo akiba.

Na akina mama nisiwasahau. Mara nyingi mke humzidi mume kwa umri wa kuishi, akabaki mjane. Mahari yake ni yake, dhahabu yake ni yake, na faida ya maandazi yake ni yake. Sheria yetu imempa miliki hiyo kabla ya mataifa mengi. Mume asiitie mkono bila ridhaa yake, wala mke asiimalize yote kwa sare za arusi. Bangili moja ya dhahabu iliyohifadhiwa imewahi kumponya mjane asiuze nyumba ya mayatima.

Wapi pa kuweka? Hapa nami niungame. Miaka mingi nyuma walitujia watu wakiahidi kwamba fedha itarudi maradufu kwa muda mfupi. Niliwapa nilichokiweka miaka saba. Hawakuonekana tena. Nikajifunza kwamba anayeahidi faida bila kazi, ama anakuibia wewe, ama anamwibia mwenzako akupe wewe. Tena jihadhari na riba, kwani Kurani imeikataza waziwazi. Yapo mabenki yaendeshwayo kwa misingi ya sheria. Kwa Tanzania, Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011. Juu ya mifuko ya lazima, aliye na shaka awaulize wanavyuoni wa mji wake. Na fedha isilale bure, kwa sababu bei hupanda na thamani yake hupungua. Tia nyingine katika shamba, mifugo, au biashara unayoielewa.

Waislamu wa Malaysia watupa mfano mzuri. Watu wa mashamba kule walikuwa wakificha fedha majumbani, au wakiuza ardhi na nyati ili waende Hija, kisha wakarudi mahujaji fukara. Mwaka 1959 mtaalamu wa uchumi, Ungku Aziz, alipendekeza liundwe shirika la kuwawekea akiba bila riba. Likaanza kazi mwaka 1963, na leo ni Tabung Haji, mashuhuri ulimwenguni. Hawakuwa matajiri walioanza. Walikuwa wakulima wa kidogo kidogo.

Ama aliyekwisha kustaafu, asizimwage fedha za kiinua mgongo kwa mwezi mmoja, wala asianze biashara asiyoijua. Alipe madeni kwanza, aandike wasia wake mbele ya mashahidi, na warithi wajue kilichopo na kilipo. Na akiba iliyofika nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikapitiwa na mwaka, itolewe zaka, sehemu moja katika arubaini. Zaka haiharibu akiba, huisafisha. Na Sayyidna Umar (r.a.) aliusia mali ya mayatima ifanyiwe biashara isije ikaliwa na zaka.

Basi yule kijana nilimjibu hivi: "Baba yako amesema kweli juu ya mwenye kuruzuku, nawe usimbishie. Kamshike mkono, umwambie kwamba unaweka ili siku moja usimlemee huyu mjukuu wake." Alicheka, akaenda zake. Mimi nikafunga madrasa, na kesho yake asubuhi nikaenda kujaza fomu ya mchango wa hiari. Miezi 180 sitaitimiza kabla ya miaka sitini, na malipo yangu yatakuwa kwa kadiri ya nilichoweka. Lakini nimeona afadhali nichelewe kuliko nisifike kabisa.

Mwenyezi Mungu atupe uzee wenye afya, riziki ya halali, na mikono yenye kutoa mpaka mwisho. Amin.

Wabillahi tawfiq.