Samehe na Usahau: Fundisho Lisilo na Andiko

Katika sharika na parokia za Afrika Mashariki hakuna fundisho linaloitikiwa kwa "Amina" nyingi na kuchunguzwa kidogo kama lile lisemalo kwamba Mkristo wa kweli husamehe akasahau, na kwamba anayeendelea kulitaja kosa alilotendewa bado hajasamehe. Husikika mazishini, husikika katika semina za ndoa, na zaidi ya kote husikika katika vikao vya wazee wa kanisa pale mmoja wao anapokuwa amekosa. Fundisho hilo halina andiko. Linaegemea zaidi methali ya yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, ambayo nayo imesomwa vibaya, kwa kuwa kuganga ni kutibu, na hakuna mganga anayetibu kidonda alichokatazwa kukitazama.

Andiko linalotolewa mara nyingi ni Mathayo 18, ambapo Petro anaagizwa kusamehe hata saba mara sabini. Wahubiri wengi huanza kusoma kwenye aya ya 21, penye swali la Petro, wakaziruka aya za 15 hadi 17, zinazoagiza kwamba aliyekosewa amwendee mkosaji wakiwa wawili tu, asiposikilizwa achukue shahidi mmoja au wawili, na mkosaji akizidi kukaidi shauri lifikishwe mbele ya kanisa. Hapo ndipo penye mzizi wa nidhamu ya kanisa, yaani utaratibu wa kusanyiko wa kumwonya, kumrekebisha na kumrejesha muumini aliyeanguka. Tena mfano unaofuata jibu la Yesu unaanza na mfalme anayefanya hesabu na watumwa wake: deni la talanta elfu kumi linatajwa kiasi chake kwanza ndipo linafutwa, na mtumwa yuleyule anapomkaba koo mwenzake kwa dinari mia, inadhihirika kwamba mfalme hakuwa amesahau kitu.

Watetezi wa kusahau hukimbilia Yeremia 31, inapoahidiwa kwamba Mungu hatazikumbuka dhambi za watu wake. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba katika Kiebrania cha Biblia kukumbuka ni pamoja na kutenda kulingana na jambo linalokumbukwa, hivyo Mungu asiyekumbuka dhambi ni Mungu asiyemhesabia mtu adhabu yake. Kumbukumbu yenyewe haifutwi. Mathayo anapoorodhesha nasaba ya Yesu katika sura ya kwanza, hamtaji Bathsheba kwa jina lake. Anamtaja kama mke wa Uria, na hivyo jina la mtu aliyeuawa kwa hila limebaki katika ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya, karne nyingi baada ya Daudi kusamehewa.

Tofauti hii kati ya kusamehe na kusahau si ya wanazuoni peke yao. Mtunza hazina anapopatikana na upungufu katika fedha za ujenzi, vishina vya stakabadhi vikawa havilingani na daftari, wazee hukaa baada ya ibada, yeye husema ameteleza, sala hufanyika, mikono hupeanwa, na muhtasari huandikwa kwamba shauri limemalizwa kiroho. Mjane ambaye jogoo wake alinadiwa katika sikukuu ya mavuno ili yanunuliwe mabati, akiuliza mabati yako wapi, huambiwa ana roho ya uchungu. Katika usharika huohuo binti aliyepata mimba nje ya ndoa hutengwa na Meza ya Bwana, hupewa mafundisho, kisha husimamishwa mbele ya watu wote ndipo arudishwe kundini. Kwake yeye hakuna anayekumbuka kusahau. Msamaha unaogawiwa kwa kuangalia cheo ni funika kombe mwanaharamu apite, hata ukifungwa kwa sala ndefu kiasi gani.

Maandiko yanaijua toba yenye gharama. Hesabu 5 inamtaka mkosaji arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano juu yake, na Zakayo katika Luka 19 anaahidi kurudisha mara nne. Wakatoliki wanalo neno malipizi, yaani tendo analopangiwa aliyeungama ili arekebishe alichoharibu. Nao uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ambao wafuasi wake huko Uganda waliitwa Balokole, ulijulikana kwa watu kukiri hadharani na kurudisha vitu walivyoiba, jambo waliloliita kutembea nuruni. Wimbo wao wa Tukutendereza uliimbwa baada ya ukweli kusemwa. Siku hizi huimbwa ili usisemwe.

Wapo watakaodai kwamba ukali huu unawafungia wadhambi mlango. Kanisa la Karthago, katika Tunisia ya leo, lilikwisha kulijadili hilo mwaka 251, baada ya mateso ya Kaisari Decius, Wakristo wengi walipokuwa wameikana imani. Askofu Cyprian na wenzake waliwakataa waliotaka walioanguka wasipokewe kamwe, na pia waliotaka wapokewe papo hapo bila kipindi cha toba.

Ufuasi maana yake ni kujifunza kwa Bwana kwa kukubali kusahihishwa, na anayesamehewa bila kuonyeshwa kosa lake amenyimwa somo hilo. Aliyekosewa anadaiwa kuiacha chuki na kisasi. Hadaiwi kusema uongo kuhusu yaliyotokea. Mtunza hazina aliyetubu na aketi katika benchi lake na ashiriki Chakula cha Bwana, lakini ufunguo wa sanduku la sadaka upewe mwingine. Na wazee wanaokusudia msamaha uhubiriwe Jumapili ijayo wamwombe mhubiri aisome Mathayo 18 kuanzia aya ya 15, daftari la ujenzi likiwa limefunguliwa mezani.