Giza la Nairobi na Uziwi wa Wahakiki

Miongoni mwa wahakiki wa fasihi nchini Kenya kuna dai lililozoeleka kiasi cha kutoulizwa swali. Dai lenyewe ni kwamba muziki wa metali kali, ule unaoimbwa kwa mngurumo na unyende badala ya sauti ya kawaida ya mwimbaji, si fasihi, si wa Kiafrika na, kwa kauli ya walio wakali zaidi, si wa Mungu. Kwa mujibu wa dai hili, kijana wa Westlands au Kangemi anayevaa fulana nyeusi na kupaza sauti juu ya kifo na giza ameazima ugonjwa wa watu wengine. Makala haya yanadhamiria kulipinga dai hilo na kuonyesha kwamba albamu mbili zilizotungwa na wasanii wa Nairobi, Duma ya mwaka 2020 na The Adept ya mwaka 2024, ni kazi za kigothi zinazostahili kuhakikiwa na idara za fasihi. Kukataa kuzisikiliza ni kosa la kitaaluma, wala si suala la ladha ya mtu binafsi.

Fasihi ya kigothi huhesabiwa kuanza Uingereza mwaka 1764, Horace Walpole alipochapisha The Castle of Otranto. Nguzo zake ni chache: jumba lenye chumba kilichofungwa, uhalifu wa zamani uliofichwa, na marehemu asiyekubali kuzikwa. Bendi za metali za Ulaya zilizirithi nguzo hizo zikiwa zima. Mwaka 1998, bendi ya Kiingereza ya Cradle of Filth ilitoa Cruelty and the Beast, albamu nzima iliyojengwa juu ya wazo moja, yaani kisa cha Elizabeth Báthory, bibi wa ukoo mkubwa wa Hungaria aliyetuhumiwa kuua wasichana mwanzoni mwa karne ya 17. Hiyo ni kazi ya ustadi, lakini ni ustadi wa mavazi. Msikilizaji wa Suffolk hana la kuhofu kutoka kwa bibi aliyekufa miaka mia nne iliyopita. Anatishwa kwa hiari yake, kisha analala vizuri. Mhakiki anayewashtaki vijana wa Nairobi kwa uigaji ana wajibu wa kuthibitisha kwamba nao wamefanya hivyo hivyo, kwamba nao wameazima jumba na marehemu. Uthibitisho huo haujatolewa, na ni vigumu kuona utatoka wapi.

Jambo la kushangaza ni kwamba ugothi wenyewe si mgeni Nairobi, na wala wahakiki hawajawahi kuukataa ulipokuja ukiwa umevaa vizuri. Karen Blixen, aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong hadi mwaka 1931, alichapisha Seven Gothic Tales mwaka 1934 kwa jina la Isak Dinesen. Nyumba yake ni jumba la makumbusho, na mtaa wote unaoizunguka upande wa magharibi wa jiji unaitwa Karen. Hakuna aliyeuliza kama hadithi za kigothi zinafaa kusomwa na Mwafrika. Hadithi mojawapo katika kitabu hicho, "The Dreamers", inasimuliwa ndani ya jahazi linalotoka Lamu kwenda Unguja mwaka 1863, na ndani ya jahazi hilo yumo msimulizi mashuhuri, Mira Jama, ambaye hawezi tena kutunga visa vya kutisha kwa sababu amepoteza uwezo wa kuogopa. Blixen, waama, aliona hapo jambo ambalo wapinzani wa metali hawalioni: ugothi haudumu bila hofu iliyo hai kifuani mwa msimulizi. Lakini hofu ya shamba lake, ya watu waliogeuzwa maskwota juu ya ardhi ya wazee wao, haikuingia katika hadithi hizo saba. Jahazi la Waswahili lilimfaa kama fremu, na picha iliyotiwa ndani ya fremu hiyo ikawa ya Ulaya.

Hofu yenyewe ilikuwa inajengewa mahali pengine. Penye kona ya Barabara ya Kenyatta na Uhuru Highway limesimama Nyayo House, jengo refu la serikali ambalo wananchi hulijua kwa foleni za pasipoti. Chini ya foleni hizo kuna vyumba vya gereza. Katika miaka ya 1980, hasa tangu msako dhidi ya kundi la Mwakenya mwaka 1986, watu walifungiwa humo gizani, wengine katika maji, wakapigwa na kuhojiwa. Vyumba hivyo vilifunguliwa kwa umma mwaka 2003, na mwaka 2010 Mahakama Kuu iliiamuru serikali iwalipe fidia baadhi ya waathiriwa. Basi nguzo za Walpole zote zimo: jumba, chumba kilichofungwa, uhalifu uliofichwa. Tofauti ni kwamba Otranto ya riwaya ilikuwa ya kubuni, na hii ya Nairobi ina ofisi za Idara ya Uhamiaji.

Inafaa kukumbushwa pia serikali ile ile ilikuwa inamtafuta nani. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake ilikamilika mwaka 1995 na kukaa kabatini hadi ilipofikishwa Bungeni mwaka 1999. Yaani dola iliyokuwa na vyumba vya mateso chini ya sakafu yake ilituma wazee wenye heshima kumsaka Ibilisi kwingineko! Nyani haoni kundule. Mhakiki anayesikia jina la wimbo "Pembe 666" na papo hapo kushika rozari anaendeleza kazi ya tume ile bila kulipwa marupurupu yake. Angetulia kidogo angegundua kwamba neno "pembe", sikioni mwa mkazi wa Nairobi, ni la ng'ombe, ni la kona ya chumba, na ni jina lililochapwa kwenye pakiti ya unga wa sima. Mchezo wa maana za namna hiyo ndio chakula cha kila siku cha uhakiki wa ushairi.

Wimbo huo umo katika Duma, albamu ya wasanii wawili, Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart jukwaani, na Sam Karugu, iliyotolewa Agosti 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina la albamu, ambalo pia ndilo jina la kundi lao, wamelifafanua kuwa ni giza kwa Kigikuyu. Msomaji wa Kiswahili humwona kwanza mnyama mwenye mbio. Maana zote mbili zinafanya kazi. Midundo ya mashine inakimbia kuliko mguu wa mchezaji yeyote, na gitaa limesagwa hadi likawa ukuta. Humo ndani sauti ya Khanja inagonga kama ya mtu aliyefungiwa. Hakuna ngome wala binti mfalme. Chumba chenyewe kimejengwa kwa sauti, na msikilizaji ndiye aliyetiwa ndani yake mlango ukafungwa. Kwa mintarafu ya fani, hilo ni hatua moja mbele ya Cradle of Filth, ambao humwachia msikilizaji kiti cha mtazamaji.

Hapa ndipo pingamizi la pili hutolewa: maneno hayasikiki, na pasipo maneno hapana fasihi. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu lau lingetolewa na watu wasiofundisha mbolezi. Ni mhakiki gani amewahi kuikataa mbolezi kwa sababu mfiwa alizidiwa na kwikwi mstari wa tatu? Katika ngoma za pepo za mwambao, pepo hupanda kichwani na kunena lugha ambayo hata mteja mwenyewe haijui, na mganga hukaa hapo kufasiri. Watafiti wameziandika ngoma hizo kurasa kwa kurasa na kuziita utendaji. Isitoshe, Kiswahili chenyewe kinashuhudia dhidi ya pingamizi hilo. Lugha yenye ukemi, unyende, nduru, usiahi, yowe, kite na kilio, kila neno likiwa na mahali pake, ni lugha ya watu waliosikiliza kwa makini sana jinsi binadamu anavyopiga kelele. Na fasihi yake iliyoandikwa imejipa majina kutokana na sauti hizo. Abdilatif Abdalla aliitoa Sauti ya Dhiki mwaka 1973 kutokana na mashairi aliyoyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Alamin Mazrui aliipa tamthilia yake ya mwaka 1981 jina la Kilio cha Haki. Wahakiki wanakipenda kilio kikiwa kwenye jalada. Kikitoka kooni wanaziba masikio.

The Adept, iliyotolewa Aprili 2024 na Haekalu, lebo ya Khanja mwenyewe, inakaza hoja zaidi, kwa kuwa humo marehemu ana jina. Khanja ameihusisha kazi hiyo na nyanya ya mzazi wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyetambuliwa kuwa Field Marshal wa Mau Mau. (Jina lake linafanana na la askofu mkuu wa tume, hoja hii haitegemei ufanano huo, ingawa mtunzi wa riwaya asingeuacha upite.) Muthoni aliishi msituni hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Nywele alizotoka nazo huko alikataa kuzikata kwa karibu miaka 60, kwa sababu aliyoyapigania hakuyaona. Zilikatwa Aprili 2022, na aliyezikata ni Mama Ngina Kenyatta. Yeye mwenyewe alifariki Septemba 2023. Dedan Kimathi, mwenzake wa msituni, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa katika kaburi lisilo na alama. Sanamu yake iliyosimamishwa mwaka 2007 katika barabara yenye jina lake, katikati ya jiji, inamtazama mpita njia badala ya mwili. Taifa lililojengwa juu ya makaburi yasiyo na alama halihitaji kuagiza mizuka kutoka Hungaria. Kitukuu akinguruma kwa niaba ya watu kama hao, tendo lake ni la kimatambiko kabla ya kuwa la kibiashara, na msomi wa fasihi simulizi angepaswa kuwa wa kwanza kulitambua.

Hii haina maana kwamba albamu hiyo haina dosari. Washirika wake ni wengi mno, na wametoka pande nyingi za dunia. Kila mmoja amekuja na mashine zake, na mara kadhaa uzi wa kumbukumbu unakatika katikati ya kelele ambazo zingeweza kutengenezwa Berlin au Tokyo. Majina mengi ya nyimbo ni ya Kiingereza, na uzito wa Muthoni unategemea mno maelezo yaliyotolewa nje ya muziki. Duma, iliyo nyembamba zaidi, imeshikamana vizuri zaidi. Lakini dosari hizi huonekana kwa anayesikiliza tu. Uhakiki ukiwa haupo, nafasi yake huchukuliwa na majarida ya Ulaya, ambayo yameusifu muziki huu kwa ugeni wake, yaani kwa sababu ile ile inayofanya wahakiki wa nyumbani waukatae.

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi simulizi ya Kiafrika iwekwe katikati ya masomo. Walicheka nao wakati huo walikuwapo. Warithi wa ushindi ule wameifanya fasihi simulizi iwe mali ya bibi kizee wa kijijini, ilhali mjukuu wake ana kipaza sauti na anaishi Kawangware. Albamu ya Khanja ilitoka miezi miwili kabla ya Juni 2024, vijana walipoanza kuuawa na kutekwa nyara kwa sababu ya maandamano. Kufikia mwisho wa mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji. Nani atasema sasa kwamba hofu iliyomo katika muziki huu ni ya kuazima?

Kinachotakiwa ni kidogo. Katika kozi ya fasihi ya gerezani, Duma na The Adept ziwekwe pamoja na Sauti ya Dhiki, zisikilizwe darasani kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupunguzwa sauti, na wanafunzi waandike walichosikia kabla ya kuambiwa walichopaswa kusikia. Kipindi kinachofuata kifanyike Nyayo House. Kutoka bewa kuu la chuo kikuu ni mwendo mfupi kwa miguu, na mlango wa kwenda chini uko upande wa pili wa foleni ya pasipoti.