Kumngoja Mungu si kukaa bure

Juni 2020, korona ikiwa imepamba moto, baba watoto alirudi nyumbani saa nne asubuhi akiwa na barua mkononi. Kazi ya miaka 11 ilikuwa imekwisha.

Jioni hiyo jirani yetu mmoja, mama mwenye roho safi, alituletea kadi yenye aya ya Yeremia 29:11, ile inayotuambia kwamba Mungu anatuwazia mema. Tuliibandika ukutani, kisha tukakaa kungoja.

Kodi ilitulemea lakini hatukuhama. Kuhama, tulidhani, ni kukosa imani. Isitoshe, mhubiri mmoja alikuwa amemhakikishia mume wangu kwamba angerudi kazini kabla ya Krismasi. Krismasi ilikuja ikapita. Deni la nyumba likafika miezi mitatu, tukawa watu wa kunyata kila tukisikia sauti ya mwenye ploti.

Usiku mmoja Januari, usingizi uliponipaa, niliamua kuisoma sura yote badala ya kadi. Jaribu nawe, msomaji. Maneno yale yametoka katika barua ambayo nabii Yeremia aliwaandikia watu wa Yuda waliochukuliwa mateka na Mfalme Nebukadneza hadi Babeli. Walikuwa wamepoteza makao na nchi yao.

Nabii mwingine, Hanania, alikuwa ametangaza kwamba mateka hao wangerudi kwao katika muda wa miaka 2. Nani hapendi habari kama hiyo? Yeremia yeye aliwaambia ni miaka 70.

Wafanye nini basi muda huo wote? Wajenge nyumba na kukaa ndani yake. Wapande bustani na kula mazao yake. Waoe na kuoza watoto wao. Wauombee amani mji ule ule wa ugenini. Ahadi tuipendayo imo katika aya ya 11, lakini jembe lilitangulia katika aya ya 5.

Tena, mtu mzima aliyesomewa barua ile alijua kwamba huenda hangeishi kuona siku ya kurudi. Hata hivyo aliambiwa apande.

Nilimwamsha baba watoto nikamsomea. Mwisho wa mwezi tukahamia chumba kimoja. Tulijaza udongo katika magunia mawili tukapanda sukumawiki mlangoni. Yeye akaanza kuuza mayai ya kuchemsha kituoni jioni. Siku za kwanza aliona haya, akiinamisha uso kila alipopita mtu aliyefanya naye kazi.

Barua ya kumrudisha kazini haijafika hadi leo. Lakini watoto wanasoma, kodi inalipwa, na kadi ya jirani ingali ukutani.

Huenda nawe unangojea kazi, matokeo ya mtihani au mgonjwa wako apone. Wazee wetu husema Mungu hamtupi mja wake. Ni kweli kabisa. Ila mja naye asijitupe. Ngoja, ndugu yangu, lakini ukingoja panda.